Mabaki ya Alfajiri

Saa kumi na moja, Kayenze bado gizani,
nami nimeshaning'iniza mizani kwenye boriti ya banda,
mizani ya kaka yangu Malale, iliyozoea sangara.
Ndoano yake ingali na magamba.
Leo inapima majani.

Makarai matano, kila moja kilo mbili.
Lusina. Kaliandra. Glirisidia. Mbaazi.
La tano ni majani ya mkuyu wa bondeni,
nimelitia kwa ubishi wangu tu,
halimo katika karatasi ya Bwana Lutonja.

Karatasi yenyewe kaigongea msumari mlangoni:
protini kwa mia, tanini kwa mia,
namba zimesimama safu safu kama watoto wa gwaride.
"Glirisidia, mama Nkwimba," aliniambia,
akiigonga kwa kalamu. "Hii ndiyo nyama ya mti.
Utaona maziwa."

Sangabuye hajui kusoma.
(Ni jina la mnada tulikomnunua.
Tulisema tutampa jingine, hatukumpa.)
Anaingia, kiangazi kimemla mgongo,
anapeleka pua kwenye glirisidia,
ananusa kama mtu aliyefungua barua ya deni,
anapuliza,
anapita.

Kwenye kaliandra anavuta fumba moja
kwa ule ulimi wake wa msasa, anatafuna, anasita,
taya limeganda upande.
Ukakasi.
Naujua. Ni ule wa ndizi mbichi niliyoiba utotoni,
ulimi ukageuka kitambaa kinywani.

Halafu lusina, na hapo
husikii tena kitu ila vijiti vikikatika
na mkia ukipiga mbavu, taratibu.

Naandika nyuma ya daftari la Nkwimba, la hesabu.
Lusina: gramu themanini, vijiti vitupu.
Mbaazi: nusu kilo.
Kaliandra: kilo moja na ushei.
Mkuyu: kilo na robo tatu. Nikameza aibu yangu.
Glirisidia: kilo mbili na gramu kumi.
Zile kumi ni mate.

Siku tisa hivyo.
Ya kumi, lusina zangu tatu zikabaki fito.
Uzio mzima wa ua wetu ni glirisidia, mbichi, imejaa,
na ng'ombe anashinda njaa
akiutazama ukuta wa chakula.

Nkwimba naye alifunga meno hivyo,
mwaka ule wa uji wa lishe: soya, karanga, dagaa wa kusaga.
Kila mwenye elimu aliusifu.
Nesi alisema mshike pua, umnyweshe.
Sikumshika pua. Niliuacha upoe,
nikaukamulia ndimu,
nikaenda zangu kufua.
Niliporudi kikombe kilikuwa kimelambwa.

Basi jioni nikakata matawi,
nikayatandaza kwenye chanja ya dagaa ya wifi yangu Holo,
bila kumwomba.
Upepo wa ziwa ukayapekua usiku kucha.
Asubuhi yalikuwa yamelegea kama masikio ya mbuzi,
na ile harufu kali imeondoka,
au imejificha ndani ya nyingine.

Sangabuye kanusa.
Kanusa tena.
Kageuza shingo kuniangalia, mimi, si karai,
kisha akainamisha kichwa.

Mabaki: gramu mia tatu.

"Ni kunyauka," alisema Bwana Lutonja, akitafuta pa kuandika.
"Ni dagaa wangu," alisema Holo, mikono kiunoni,
"ng'ombe wenu hana chumvi mwilini, hata kipofu anaona."
Mimi nikafikiri: huenda ni njaa tu.
Huenda ni siku ya kumi.
Karatasi ya mlangoni haina safu ya upepo.
Mwenyewe alikuwa amelala, anacheua,
jicho nusu, mdomo ukisaga
jibu ambalo hatatema.

Wiki ile maziwa yaliongezeka kikombe kimoja.
Kimoja, nimekipima.
Nikampelekea Holo, malipo ya chanja.

Alikipokea kwa mikono miwili,
akakinusa kwanza.