Kabla ya Saa Sita Usiku

Fomu ina visanduku vitatu:
Uchumi. Uhasibu. Hisabati.
Sólrún ametia alama kwenye Uchumi, akaifuta,
akatia, akaifuta.
Dirishani, Akureyri yote mchana:
jua la Juni limegoma kuzama.

Mama anakausha vikombe.
Kimoja kina nembo ya benki isiyokuwapo tena.
Miaka tisa aliketi kwenye kaunta yake,
na vuli ile, foleni ikiwa imefika barabarani,
alimwambia kila mteja: “Pesa zako zipo salama.”
Hakudanganya. Ndivyo alivyoambiwa.
Mzee Eyvindur humsalimu mpaka leo
akitazama viatu.

“Mikopo, hisa, hayo utafundishwa kazini.
Mimi nilifundishwa wiki mbili, na cheti nikapewa.
Hesabu ndiyo sikuwa nayo.
Karatasi zikiletwa, nilizisoma kama dua ya kukariri:
kwa sauti,
bila maana.”

Saa tano na dakika hamsini.
Alama inatua kwenye Hisabati.
“Na nikishindwa?”

Mama anakigeuza kikombe, nembo itazame ukuta.
“Utajua kwamba umeshindwa.
Mimi nilisikia redioni.”