Yah: Dakika Kumi na Saba

Kwa Mganga Mkuu wa Wilaya, Newala.
Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Umenitaka nieleze kwa maandishi
nilikuwa wapi usiku wa kuamkia tarehe kumi na tatu Novemba,
tangu saa tisa na dakika tano
hadi saa tisa na dakika ishirini na mbili.
Nilikuwa nyumbani kwangu, nyuma ya zahanati.
Hatua arobaini na moja. Nimezipima.
Nilikuwa nanyonyesha.

Naomba nirudi nyuma kidogo.

Huku juu Mnyambe maji hatuchoti, tunanunua.
Novemba mabibo yanaoza bure chini ya mikorosho
na ndoo ya maji inapanda bei.
Kipindupindu hakikutuuliza tuna ndoo ngapi.
Siku ya kwanza wanne. Siku ya tatu ishirini na saba,
vitanda vitatu, mikeka kumi na moja,
waliosalia sakafuni juu ya magunia ya chama cha msingi,
nguo zao zingali zinanuka salfa ya shambani.
Dripu tulizitundika kwenye misumari ya kalenda.
Mwenzangu alikuwa Mtwara, kwenye semina.
Semina ya dharura.
Nikabaki na Dadi, mfagizi,
aliyejifunza kuhesabu matone usiku uleule.

Saa thelathini na moja, Daktari.
Sizitaji ili nisifiwe.
Nazitaja kwa kuwa barua yako ina dakika tu.

Kiapo nakikumbuka. Tulikisoma na mishumaa,
nta ikitudondokea vidoleni, hakuna aliyetikisika.
Tuliapa kutomwacha mgonjwa.
Hakuna aliyenyoosha mkono kutoka nyuma ya ukumbi
akauliza: mwalimu, na maziwa je?
Maziwa hayajui zamu.
Saa nane yalikuwa yameloanisha gauni,
yameshuka mpaka kwenye mkanda,
na kutoka upande wa pili wa ukuta
nilimsikia mwanangu analia, kisha
nikasikia ameacha kulia.
Hicho cha pili ndicho kilichoninyanyua.

Nilinawa kwa klorini mara tatu, mpaka viwikoni.
Nikavua gauni kizingitini, nikaingia kama nilivyozaliwa.
Ana miezi minne. Alinidaka kwa fizi kama ananidai.
Nikawaza: ninampa uhai, au ninamletea kile kilicho kule?
Hilo barua yako haikuliuliza.
Mimi nilijiuliza dakika zote kumi na saba.

Niliporudi, Bakiri Namtula, kitanda cha dirishani,
dripu yake ilikuwa imekauka.
Dadi alikuwa mbali, amemkumbatia mtoto wa Nachunga
asijing'oe sindano.
Sisemi angepona. Sisemi asingepona.
Mfuko wa mwisho ulikuwa chini ya meza,
nyuma ya boksi la glovu,
nami peke yangu ndiye niliyejua.
Sikumwambia Dadi. Nilidhani ninakwenda na kurudi.
Hiyo siifichi. Iandike.

Umeuliza pia kama naujua wajibu wangu.
Naujua unapoanzia: pale mlangoni,
mtu akibebwa kwenye baiskeli, miguu inaburura.
Unapoishia ndipo sikufundishwa.
Labda kwenye mwongozo ipo.
Mwongozo umo kabatini,
funguo amekwenda nayo mwenzangu.

Alfajiri mjane wake, Somoe, alikuja na ndoo kichwani,
imejaa, siku ambayo ndoo ilifika elfu moja mia tano.
Akaitua miguuni pangu. Hakusalimu.
Akaenda kuketi ukutani, akavuta kanga usoni.
Mpaka leo sijui alinipa maji ya kumwoshea mumewe
au ya kunawa mikono yangu.
Sikuuliza. Wagonjwa walikuwa ishirini na sita.
Nilichanganya klorini.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Fidea Nandonde,
Muuguzi Daraja la Pili.