Shuka Moja, Jeupe

Bajaji ilituacha Mtongani, pale wanapokaanga samaki.
Mama mdogo akakataa kushikwa mkono.
"Njia hii naijua kwa nyayo," akasema,
kisha akapotea mara mbili,
maana palipokuwa na mkorosho sasa pana ukuta,
na palipokuwa na ukuta sasa pana maji.

Mimi nilikuja Kunduchi kutazama magofu.
Nilikuwa na kofia, maji ya chupa, simu yenye chaji,
na hamu ya mtu wa Ubungo
anayedhani historia ni kitu cha kulipia kiingilio.
Nikayaona makaburi ya nguzo,
na ubavuni mwake vitobo vya mviringo
walimopachika mabakuli ya Kichina,
yakakaa humo karne na karne hadi yakang'olewa.
Nikapiga picha kitobo.
Nikapiga picha kitobo kingine.
Mama mdogo Sikudhani akaniuliza,
"Unapiga picha kisichokuwepo?"

Tukaenda hotelini.
Naiita hoteli kwa heshima yake.
Simbi Hoteli: Waswidi wekundu kama kamba wa kuchemsha,
wakurugenzi wa Jumamosi na soksi zao ndefu,
bwawa lililopakwa rangi ya bahari
hatua ishirini kutoka baharini.
Yeye alikuwa chumba cha dobi, miaka kumi na tisa.
Aliingia kwa mlango wa nyuma, akatoka kwa huo huo.
Ufuko aliujua kwa mchanga
uliobaki mifukoni mwa suruali za watu.

Leo mlango wa mbele umebaki peke yake,
fremu tu, imesimama bila nyumba.
Akajifuta miguu pasipo na zulia,
akapita katikati, polepole.
Upande wa pili: ngazi tatu, kisha mawimbi.
Vyumba vya mbele vyote bahari imevipanga,
na kodi hailipi.

Mlinzi akatoka kibandani, redio mkononi,
kijana wa Kisukuma, Ng'wandu.
"Shikamoo, bibi. Hapa haparuhusiwi."
"Marahaba. Msimamizi wa dobi yuko wapi?"
Kijana akanitazama mimi.
Mimi nikatazama viatu vyangu.

Akafungua kikapu.
Shuka jipya la Kariakoo,
limekunjwa mkunjo wa kazini, pembe juu ya pembe,
karatasi ya bei bado iko.

"Mwaka themanini na tatu," akasema,
hakumwambia yeyote kati yetu,
"maduka yalikuwa na rafu tu.
Hata sanda ilitaka kibali,
na mwenye muhuri alikuwa kwenye semina.
Maiti haisubiri semina.
Nikatoka kazini na shuka moja tumboni, chini ya kanga.
Nikatembea kama mja mzito hadi nyumbani.
Mlangoni waliniamkia vizuri.
Nikakata kona yenye chapa ya hoteli.
Sikutaka mwanangu afike kule
kama mali ya mtu."

Miaka yote nilidhani hakuzaa.

Ng'wandu akazima redio.
"Bibi, mimi nalinda ukuta. Mashuka sina mamlaka nayo."
"Basi andika."
Akaleta daftari la wageni.
Juu kulikuwa na fundi bomba, wa mwezi uliopita.
*Shuka moja. Jeupe. Limerudishwa.*
"Saa?"
"Saa saba na robo."
"Andika na saa. Na aliyepokea."
Akaandika jina lake, herufi kubwa, kama mtoto wa shule.
Mama mdogo akasoma mpaka mwisho,
akarudia kwa kidole,
akalipapasa shuka mara moja.
"Wanga haukutosha," akasema. "Nyumbani hakuna pasi nzito."

Mtongani tulikula changu.
Akalalamika kwamba chumvi imezidi, akamaliza na mifupa.
Jina la mtoto sikuuliza. Bado sijauliza.
Kama Ng'wandu alilijifunika usiku ule wa Julai, sijui,
naomba iwe hivyo.

Picha za vitobo ninazo.
Jana nilikuza moja, nikakuza tena,
na ndani kabisa, kwenye chokaa,
pana alama ya kidole gumba
cha mtu aliyekandamiza bakuli
akahesabu kidogo, akaachia.