Kamba Mbili

Nyumbani kwetu Sakina nyoka haitwi nyoka usiku,
na mama hataki ajaribu bahati, hata mchana husema kamba.
"Kamba zako zimekula?"
Anauliza akiwa koridoni, kanga imefungwa mara mbili,
mguu wake haujavuka kizingiti cha chumba hiki
tangu nilete sanduku la kwanza.

Julai. Wingu limemkalia Meru siku tisa.
Wiki sita nimempunguzia Shaba joto, kidogo kidogo,
kama alivyonielekeza Nanyaro wa Ngaramtoni,
kisha wiki hii nikampandishia tena.
Nanyaro ndiye aliyeniazima dume.
Alimleta ndani ya foronya iliyofungwa kwa kamba ya kiatu,
akasema, sitaki mahari, nataka mayai matatu.
Nikasema mawili.
Tukaelewana kwenye mawili na panya sita wa barafuni.

Shaba ni mnene kama mpini wa jembe.
Dume anaitwa Uzi, na kweli ni uzi.
Jumatatu nilimlisha bibi harusi akashiba,
maana njaa haimjui bwana harusi.

Saa tatu na nusu nikafungua foronya.

Uzi akakaa pembeni, amejikunja,
kama mgeni aliyeshushwa kituo kisicho chake.
Ulimi ukatoka. Ukarudi. Ukatoka
kama kidole cha mtu anayesoma barua kwa shida.
Halafu akaipata sentensi:
akapanda mgongoni kwa Shaba, kidevu kwenye magamba,
akitetemeka kwa vipande, akisimama, akitetemeka tena,
cherehani yenye mkanda uliolegea.
Shaba akaondoka.
Akazunguka bakuli la maji, akalipindua,
akarudi, akamwangalia.
Nami nimeshika kijiti, jasho kwapani na baridi yote hii,
mshenga asiyejua lugha ya upande wowote.
Je, nimtoe? Je, huku ndiko kukataa?
Je, huku ndiko kukubali?

Umeme ukakatika.

Nikasikia maranda yakisuguana.
Kisha yakanyamaza, na hilo likaniogopesha zaidi.
Nyuma yangu, ndala.
Mwanga wa simu ukapita juu ya bega langu
na mama alikuwa ndani, ndani kabisa, harufu ya vitunguu mikononi.
Pale sandukuni mikia miwili imefungana fundo,
vichwa vikitazama kila kimoja kwake,
kana kwamba habari hii inawahusu wengine.

Akatazama kwa muda mrefu kuliko nilivyotarajia.
"Mimi na baba yako tulikutanishwa hivihivi," akasema,
"sebuleni kwa shangazi yangu, Kijenge.
Watu kumi na mmoja wamekaa kwenye makochi, wanatutazama."
Sikuwahi kuisikia hiyo.
Nikataka kuuliza.
"Funika," akasema, "uwaachie giza lao,"
akazima simu.

Sijui fundo lilifunguka saa ngapi.
Alfajiri Uzi alikuwa amejirudisha mwenyewe kwenye foronya,
Shaba chini ya kigae, hana la kusimulia.
Nikaandika tarehe kwenye kalenda ya duka la mbolea.

Nilipofungua mlango nikajikwaa kwenye bakuli la plastiki,
lile la pilau, ambalo haliazimwi kwa jirani yeyote.
Mfuniko umetobolewa kwa msumari wa moto,
matundu saba, hayako sawa, moja limeungua ukingo.
"Mtoto wa nyoka ni nyoka," akasema kutoka jikoni,
bila kugeuka, akikoroga uji.
"Lakini yai nalo linahitaji hewa."