Picha ya Ndanda

Redio ilisema saa nane na robo.
Saa saba na nusu nilishapanda juu ya kiti,
nikashusha kabatini bahasha ya kaki ya hospitali ya Ndanda,
na ndani yake kifua cha mama:
cheusi, chepesi,
kinachorindima kama bati ukikitikisa.

Kitangari yote ilikuwa nje.
Nandonde, fundi wa kuchomelea,
alikodisha kioo cha barakoa yake,
shilingi mia kwa kuhesabu mpaka kumi,
na watoto wakahesabu kwa ujanja,
sita,
sita na nusu,
sita na robo tatu,
mpaka akafoka.

Mimi sikupanga foleni.
Niliziinua mbavu za mama juani.

Jua lilikuwa dogo, rangi ya kutu.
Liliingia baina ya ubavu wa nne na wa tano,
upande ule ule daktari alioudonoa kwa kalamu
akasema, "Hapa,"
asiongeze neno.
Na jua nalo, ukingoni mwake,
lilikuwa na hapa.

Mwalimu Malibiche wa fizikia akanipokonya.
"Unataka upofuke? Hii inaficha mwanga,
haifichi madhara."
Ningemjibu kwamba najua,
kwamba hata mwenye kifua hiki alificha vivyo hivyo,
miezi saba,
kikohozi ndani ya ncha ya kanga.
Sikujibu.
Akanishika mabega, akanigeuza.
"Lipe mgongo. Tazama chini."

Chini palikuwa na turubai la Bi Somoe,
nusu juani, nusu kivulini mwa mkorosho,
naye amepiga magoti anachambua,
mbovu huku, nzima huku,
mambo ya mbinguni hayamhusu,
mnada ni Alhamisi.

Na madoa ya mwanga yanayopenya majani
yalikuwa yamepinda.
Yote.
Mamia kwa mamia, yamelalia ubavu mmoja,
kila moja na mgongo wake,
kila moja na tumbo lake lililobonyea:
korosho za nuru juu ya korosho za Bi Somoe.
Akanyoosha mkono kuokota moja,
ikampanda kidoleni, ikabaki pale.
Akacheka mpaka akakaa kitako.
"Hizi ndizo daraja la kwanza," akasema.
"Mizani ya chama haitazipunguza."

Kisha rangi zikachuja.
Ukuta wa zahanati, shati langu, vumbi la salfa majanini,
vyote vikawa kama vimefuliwa kwa majivu.
Upepo ukapanda kutoka bonde la Ruvuma,
wa baridi, wa saa isiyo yake.
Kuku wakaruka matawini, wakasukumana, wakatulia.
Kipaza sauti cha msikiti kikakoroma,
Maalim Shazili akaita watu kwenye swala ya kupatwa,
na Chipepo, aliyelala tangu asubuhi kwa uraka,
akaamka akiuliza nani amekula siku yake.

Halikuzimika lote. Ulibaki ukucha.
Hakuna aliyehesabu tena.
Hata Nandonde alisahau kudai.

Sijui ilichukua muda gani.
Turubaini zile korosho za nuru zikaanza kunenepa,
tumbo likajaa, ncha zikamezwa,
zikawa duara, madoa tu,
yale yale ya kila siku.

"Hata jana yalikuwa hivi," alisema Mwalimu,
akinirudishia picha yangu, ameifuta vumbi.
"Kila doa chini ya mti ni jua zima,
limepita katika tundu dogo, likajichora.
Miaka yote mnayakanyaga."

Miaka yote.

Nikamwona mama, hapa hapa,
amekaa anabangua, miguu ameinyoosha,
majua madogo yakimtembea mgongoni, shingoni,
juu ya kanga, juu ya kikohozi,
na mimi napita na ndoo, nimechelewa,
namwambia asogee.