Umekunywa Nini?

Kikohozi kilinianza wiki ya mvua,
mvua yetu ya Tukuyu isiyojua kuaga.
Dukani nikapewa vidonge vitatu:
"Kimoja kwa siku, Atupakisye, utapona."
Karatasi ya maelezo muuzaji akaichomoa,
akafungia karanga za mtoto aliyekuwa nyuma yangu.

Cha kwanza, kikohozi kikalegea.
Cha pili, nikiwa nimechutama chini ya ng'ombe,
maziwa yakilia chwa, chwa, chwa ndooni,
moyo ukaruka pigo.
Nikausubiri.
Ukarudi mbio, kama mtu aliyechelewa ibada.
Walinikuta topeni, ndoo imelala,
ndama anaramba.

Hospitali ya misheni walinibandika nyaya kifuani,
baridi kama vidole vya Juni.
Mashine ikatema karatasi: kilima, bonde, kilima;
ningedhani imechora njia ya kwetu hadi Isongole.
Daktari akaweka kalamu baada ya kilima.
"Hapa. Moyo wako unakawia kujiweka sawa.
Umekunywa nini?"
Nikamwambia.
Hakunikaripia. "Ni dawa nzuri, kwa wengi.
Kwako imevuta uzi uliokuwa mrefu tayari."
Kisha, akiandika, bila kuniangalia:
"Kwenu kuna aliyewahi kuanguka ghafla?"

Shangazi Syabumi.
Mwaka ule kahawa ilipooza mtini
alianguka jikoni, mwiko mkononi,
vidonge vya kifua vimebaki viwili dirishani.
Na sisi tulijua nani kamuua.
Ambakisye, wa ng'ambo ya kijito.
Migomba yake tuliifyeka usiku.
Miaka kumi na tisa tumepita mlangoni pake
tukitazama upande wa pili.
Hatukuwa na mashine.
Tulikuwa na jina lake.

Nimerudi na orodha ya dawa nisizopaswa kugusa,
nimeibandika kando ya kalenda ya chama cha chai.
Tusekile, binti yangu, atapimwa Ijumaa.
Usiku nausikiliza huu wangu:
du-du, du-du,
du

Jana nilivuka kijito na lita mbili za maziwa.
Alifungua mlango nusu.
Sikujua pa kuanzia, nikamwonyesha karatasi ya vilima.
Akaigeuza juu chini, akaigeuza tena.
"Mimi haya siyasomi," akasema.
Maziwa hakuyapokea.
Mlango hakuufunga.