Bati la Radi

Kutaisi, Februari, theluji imegeuka tope,
nilipanda ngazi za nyuma za ukumbi wa maigizo
na kurasa sitini na mbili kwapani.
Mwanzo wa onyesho la pili niliupigia mstari:
Usiku wa kutisha. Mvua. Radi. Huzuni imetanda.

Tsiala, fundi wa sauti na taa,
alikuwa akila mkate wa jibini juu ya sanduku la nyaya.
Alisoma bila kufuta vidole.
Nyuma yake lilining'inia bati refu kama mlango,
limekunjamana kwa miaka ya kupigwa:
radi ya wafalme wote waliopata kufa pale jukwaani.

"Unataka nilipige hili?"
Nikasema ndiyo.
"Limechoka. Na watazamaji wamelichoka.
Likilia tu wanajua wahuzunike,
kama watoto wa shule wanavyoijua kengele.
Umeniandikia hali ya hewa, kijana.
Mimi naitaka hewa."

Sikumwelewa. Nilikuwa na miaka kumi na tisa,
nimefunzwa kwamba giza huleta hofu
na upepo huleta upweke,
nami nilivinunua vyote viwili kwa bei ya jumla.

Akauliza: "Usiku ule hasa, mvua ilinyesha?"

Haikunyesha.
Ilikuwa jioni ya kawaida, hata nzuri.
Mama alikuwa akipasua jozi kwa nyundo ndogo,
ganda huku, kokwa kule,
redio ikitangaza mpira, moja kwa bila,
na mlangoni jozi nyingine, viatu vya baba vya Jumapili,
vikimngoja atoke mgodini.
Akaja mtu. Hakubisha.
Tukamsikia nje akifuta miguu kwenye kitambara,
akafuta, akafuta,
kama aliyebeba tope la nchi nzima,
na nyundo ya mama ikabaki juu.

Tsiala aliacha kutafuna.
"Mpumbavu wewe," alisema kwa upole,
"umeleta kito, umekifungia kwenye gazeti."
Akachukua penseli. Kutisha: akakata.
Mvua, radi: akakata.
Huzuni imetanda aliikata mara mbili, karatasi ikatoboka.
Likabaki neno Usiku peke yake,
na chini yake, kwa mwandiko wake mbaya: mpira redioni.

Wiki tatu tuliitafuta miguu ile.
Katani ilikwaruza mno; sufu ilimeza sauti.
Tulijaribu brashi, gunia,
mkono wa koti la Varlam mlinzi, naye akiwa ndani yake.
Mwisho ikawa kiatu chenye msumari uliotokeza
juu ya zulia lililokwisha manyoya.
Taa nilidhani ataizima. Aliiongeza.
"Giza huwapa pa kujificha," alisema. "Waache waone kokwa."

Usiku wa kwanza, watu mia na kumi.
Bao likafungwa redioni, mmoja akacheka.
Kisha miguu.
Mara ya tatu, ya nne. Mtu akakohoa safu ya nyuma.
Mara ya sita, hakukohoa mtu.
Mara ya tisa niliisikia hewa yenyewe
ikishuka toka darini juu ya vichwa vyetu
kama shuka linalotandikwa taratibu,
na Lamara, kule jukwaani, hajatamka neno,
nyundo yake juu.
Bati lilining'inia pembeni. Halikuguswa.

Mama alikuwa safu ya tatu, mkoba mapajani.
Baadaye, barabarani, akaniambia:
"Yule mtu alifuta mara mbili tu, mwanangu.
Mbili. Alitaka aseme aondoke."
Nikaanza kujitetea, tamthilia ina sheria zake,
muda wa jukwaani si muda wa saa,
"Nyamaza," akasema.
"Hata mimi usiku ule nilihesabu tisa."

Tukatembea. Tukafika mlangoni.
Tuliingia na tope letu,
hakuna aliyethubutu kufuta miguu.